Troma, stresi na mwili: maswali tunayoulizwa sana hapa Kigoma

Karibuni. Huwa nakaa na vikundi vya kina mama na vijana, Gungu, Katubuka, Kibirizi, saa ingine naitwa mpaka Kasulu, tunaongea habari za troma, yaani kidonda cha ndani kinachobaki baada ya tukio la kutisha, na stresi, na tunafanya mazoezi madogo madogo ya mwili. Kila tukimaliza watu wananifata pembeni, afu usiku simu zinaingia, na maswali ni yaleyale. Nimeona niyaweke sehemu moja niyajibu kama navyojibu pale kwenye mkeka. Mimi sio daktari. Nimesomea ushauri nasaha na nimepita humo mwenyewe, boti iliwahi kutuzamia usiku tukitoka Mwamgongo, kwa hiyo haya mambo siyaongelei kwa mbali.

Hiyo terapia ya mwili ni nini hasa? Ni masaji?

Hapana. Masaji ni mtu mwingine anakukanda, wewe umelala. Huku kazi unaifanya mwenyewe, na mara nyingi hamna mtu anayekugusa kabisa. Terapia tuliyoizoea ni ya kuongea, unakaa na kaunsela, unasimulia, anakuuliza, unaliangalia jambo upya. Hii inaanzia kwenye mwili: pumzi yako sasa hivi iko wapi, mabega yamepanda au yameshuka, tumbo limekaza, miguu ina baridi? Afu unausaidia mwili utulie kidogo kidogo kwa pumzi, kwa kujinyoosha, kwa kutazama ulipo, kwa kusukuma ukuta, wengine kwa kutetemeka. Maneno yanakuja baadae, kama yatakuja.

Tukio lilishapita miaka na miaka. Kwanini mwili bado unashtuka?

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote na mtu huwa analiuliza kwa aibu, kama vile ni uzembe wake.

Binadamu akikutana na hatari, kabla hata hajajua ameona nini, ubongo unakuwa umeshatoa amri. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia mapajani na mikononi, tumbo linaacha kusaga chakula. Mmarekani mmoja wa chuo cha Harvard, Walter Cannon, alilieleza hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Na kuna la tatu, kuganda. Umeshawahi kukamata kuku usiku ukamlaza chali? Anatulia kimya, macho wazi, utadhani amekufa. Binadamu nae hivyohivyo, ikishindikana kupigana na pa kukimbilia hamna, mwili unaganda. Wadada wengi waliobakwa wanajilaumu kwamba hawakupiga kelele. Dada yangu, hukuchagua kunyamaza, mwili ulifunga wenyewe ili ubaki hai.

Sasa kumbukumbu za hatari haziwekwi kichwani kama hadithi yenye mwanzo na mwisho na tarehe. Zinabaki vipande, harufu, sauti, baridi ya maji. Kipande kimoja kikijitokeza leo, mwili unajibu kama vile jambo lenyewe linatokea leo.

Nina mama mmoja nilikutana nae Kasulu, alivuka mwaka 2015 kipindi kile Warundi maelfu kwa maelfu wamejaa ufukweni Kagunga, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Habari za bunduki anazisimulia macho makavu kabisa. Lakini akipita gereji akasikia harufu ya dizeli, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka mgongoni, anatafuta pa kukaa. Ameenda kupima presha mara nne na mara nne ameambiwa presha iko sawa. Siku tuliyokaa nikamuuliza tu, hiyo harufu ulishawahi kuisikia wapi tena? Akanyamaza muda mrefu, afu akasema melini, nilipakatwa na mtu nisiyemjua, mwanangu wa mwisho nilikuwa sijui yuko wapi. Hajarogwa yule mama, na si muongo. Mwili wake bado unamtafuta mtoto.

(Mtoto alipatikana, yupo, ni mkubwa sasa. Huwa naulizwa hilo kwa hiyo nimeona niliseme.)

Mi sijawahi kukimbia vita wala kupata ajali. Ni stresi tu za maisha. Inanihusu?

Inakuhusu sana. Hatari sio lazima iwe risasi. Mtu ana mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku saa kumi na mbili jioni, simu ikiita tu tumbo linakatika. Ada ya mtoto, mama mzazi anaumwa, mume yuko ziwani na upepo umechafuka. Mwili haujui kutofautisha sana simba na mdai. Unamwaga adrenalini ileile, na ikiendelea siku hadi siku inaingia homoni ingine inaitwa kortisoli, hiyo kazi yake ni kukupa nguvu ya muda mfupi, ikikaa juu miezi na miezi ndo usingizi unaharibika, sukari na presha vinapanda, magonjwa madogo madogo hayakuachi, shingo na kisogo vinauma, unakuwa mkali kwa watoto bila sababu. Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Canada, alianza kuyaandika haya mwaka 1936.

Tofauti ni kwamba mwenye troma mara nyingi ana tukio analoweza kulitaja, mwenye stresi ya muda mrefu hana, anasema tu nimechoka. Na wengi wetu tuna vyote viwili.

Je ni lazima nisimulie yote yaliyonipata ndo nipone?

Hapana. Natamani hili lingebandikwa kwenye kila mlango wa kituo cha afya mkoa huu.

Wengine kusimulia kunawasaidia, na zipo terapia nzuri tu za kusimulia zimepimwa hadi kwenye kambi za wakimbizi Uganda, sizikatai. Ila kuna mtu ukimwambia haya tuambie ilikuwaje, koo linafunga. Sio kiburi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwemo Bessel van der Kolk, daktari wa akili mzaliwa wa Uholanzi, walipiga picha za ubongo za watu 8 wenye troma huku wakisomewa yaliyowapata, wakaona lile eneo la upande wa kushoto mbele linalotusaidia kutoa maneno limepunguza kazi, wakati maeneo ya hofu yamewaka. Watu 8 ni wachache, najua, lakini mtu yeyote aliyekaa na mjane wa ajali ya ziwani anajua kitu hicho kipo, anafungua mdomo na hakitoki kitu.

Tena kuna ubaya wa kumlazimisha. Mi mwenyewe baada ya ile boti nilisimulishwa mara sita ndani ya wiki mbili, kila ofisi naambiwa eleza tena, na kila nikimaliza naenda kutapika. Hamna hata mmoja aliyeniuliza unapumua vizuri, umekula, miguu yako iko wapi. Nilipopata mtu wa kuniambia leo usiniambie chochote kuhusu maji, kaa, egemea ukuta, niambie tu mgongo unasikiaje, ndo siku ya kwanza nililala.

Njia zenyewe ni zipi na nani kazianzisha?

Zipo nyingi na kila moja ina jina lake la Kiingereza lenye herufi kubwa. Nitataja chache.

Peter Levine, Mmarekani, alianza kazi hii miaka ya 1970. Wazo lake alilitoa kwa wanyama, kwamba mnyama wa porini anakoswakoswa na chui kila mara lakini habaki na troma, anatetemeka, anajikung'uta, anarudi kula majani. Njia yake inaitwa Somatic Experiencing. Ukitaka ukweli wangu, hiyo hadithi ya wanyama bado ni nadharia, usiichukue kama msahafu. Ila namna yake ya kufanya kazi nimeiona inasaidia, nayo ni kwenda kidogokidogo sana. Unagusa jambo gumu kwa sekunde chache tu, unarudi kwenye sehemu ya mwili iliyo salama, labda viganja, labda kisigino, unakaa hapo mpaka utulie, ndo unagusa tena. Wavuvi wetu wanaelewa haraka nikiwaambia ni kama kuvuta wavu mzito, ukivuta kwa pupa unakatika.

Pat Ogden nae wa hukohuko, kuanzia miaka ya 1980, anaangalia zaidi mikao na mijongeo. Mtu aliyepigwa utotoni utamuona bado anakaa amejikunja, mikono imeziba kifua. Anaruhusiwa sasa, mtu mzima, kusukuma kwa mikono ule mjongeo ambao wakati ule hakuweza kuufanya.

Halafu kuna ya macho, wanaiita EMDR, ya Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa anatembea bustanini akagundua macho yake yakienda huku na huku mawazo mabaya yanapungua makali, akaifanyia kazi na mwaka 1989 akaitolea utafiti. Sio ya mwili moja kwa moja lakini ndani yake unaulizwa mwili unasikia nini. Hii inahitaji mtaalamu aliyesomea, usijaribu na video za Yutyubu.

Ya kutetemeka inaitwa TRE, ya David Berceli, Mmarekani aliyeishi miaka mingi Mashariki ya Kati na Afrika kwenye maeneo ya vita, akaona watoto wakitetemeka mabomu yakilia na watu wazima wamejizuia. Unachosha misuli ya miguu kwa mazoezi, afu unalala chali unaiacha itetemeke yenyewe. Na ipo yoga ya watu wenye troma, ambapo mwalimu hakuamrishi na hakugusi, anakwambia ukipenda inua mkono, usipopenda acha.

Na ya zamani kuliko hizo zote ni ya daktari Edmund Jacobson, kukaza misuli na kuilegeza sehemu moja baada ya ingine. Ni ya tangu miaka ya 1920 na ni rahisi mno, nitairudia huko chini.

Ushahidi upo, au ni maneno tu?

Upo, ila hauko sawa kwa zote.

EMDR ndo ina ushahidi mkubwa zaidi, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013 pamoja na terapia ya fikra na tabia. Yoga ilipimwa Marekani na kundi la van der Kolk, matokeo yakatoka 2014: wanawake 64 wenye troma sugu ambayo matibabu mengine hayakuisaidia vya kutosha, nusu wakafanya yoga wiki 10, nusu wakapewa darasa la afya. Mwisho, kati ya waliofanya yoga 52 kwa mia hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, kwa wale wengine 21 kwa mia. Njia ya Levine ilipimwa Israel kwa watu 63, vikao 15, ikatolewa 2017, nayo ilipunguza dalili za troma na za sonona. Tafiti zake bado ni chache. Ya kutetemeka ushahidi wake ni mdogo zaidi.

Na wa karibu yetu, Uganda, kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini. Walikaa vikundi vya watu 20 mpaka 30, vikao vitano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa na kuangalia kitabu cha picha, waliowaongoza sio madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Ndani yake kuna kujituliza kwa kukanyaga ardhi na kuangalia pumzi pamoja na mambo mengine ya mawazo. Baada ya miezi mitatu waliopata hiyo walikuwa na nafuu kuliko ambao hawakupata. Kila nikisoma ule utafiti nawaza Nyarugusu na Nduta. Vitu vyenyewe vinahitaji mkeka, spika na mtu wa kuaminika!

Mkisema mtu anatetemeka, hayo si mapepo? Bibi yangu anasema nimepandisha.

Naheshimu sana bibi na sitakuja kwako kubishana na imani. Nitakwambia ninachokijua. Kutetemeka baada ya hofu kubwa ni kazi ya mwili, adrenalini imejaa kwenye misuli. Mama akitoka kujifungua miguu inatetemeka. Dereva aliyekoswa na lori anatetemeka akishashuka. Hamna aliyepandisha hapo. Ukimshika mtu kwa nguvu watu wanne mkamlaza chini wakati anatetemeka, unamrudishia hofu ileile. Mkalishe, mfunike kanga, mwambie jina lako na alipo, ngoja.

Lakini sikiliza na upande wa pili: akianguka ghafla, akapoteza fahamu, povu, akang'ata ulimi au akajikojolea, hiyo inaweza kuwa kifafa, mpeleke hospitali. Kifafa kina dawa.

Kikao kinakuwaje? Naogopa kuja.

Unakuja unakaa unapotaka, wengi wanachagua karibu na mlango na hiyo ni sawa kabisa, mlango haufungwi kwa komeo. Ndala unavua ukipenda. Dakika za kwanza hamna cha maana kinachofanyika kwa macho, unaangalia tu chumba, dirisha, mti wa muembe nje, unataja ulivyoviona. Nakuuliza mwili uko vipi leo, kama hujui unasema sijui, tunaendelea. Tunatafuta kwanza sehemu iliyo tulivu. Kuna kijana wa bodaboda mwili mzima aliona umekaza, alichunguza karibu dakika kumi akasema masikio, masikio yangu yako sawa. Tukaanzia masikio. Nilifurahi siku nzima.

Ukianza kuona giza, kuwa mbali, sauti zinafifia, unanyoosha kidole tunasimama. Kikao kizuri mtu anatoka amechoka kidogo kama aliyetoka shamba, sio amevurugika. Ukitoka umevurugika, tumekwenda haraka, kosa ni la anayeongoza.

Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Kwa stresi na wasiwasi wa kawaida ndio. Kwa troma nzito, haya ya kujituliza fanya, ila ya kufukua usifukue peke yako.

Anza na macho. Geuza shingo polepole kama mtu anayetafuta mbuzi wake, angalia kila kona, taja vitu vitano kwa sauti. Ndoo, pazia, kandambili, jiko, kalenda. Unauambia ubongo uko wapi na leo ni lini. Halafu miguu, sukuma sakafu kwa nyayo zote, moja, nyingine, mpaka mapaja yajue. Pumzi: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, dakika tano zinatosha. Kutoa ndo kuna siri, mtu akitoa pumzi moyo hupungua kasi, kuna neva ndefu inaitwa vagasi inatoka chini ya ubongo inapita kwenye moyo mpaka tumboni, ndo inafanya hiyo kazi ya breki. (Mtandaoni utaona maneno mengi sana juu ya hiyo vagasi, nadharia ya mtafiti Mmarekani Stephen Porges na kadhalika, wataalamu wenyewe wanabishana. Breki ya moyo ipo, hiyo haina ubishi.)

Ile ya Jacobson ifanye kitandani. Kunja vidole vya miguu ukaze sekunde tano, achia, sikilizia tofauti. Panda kwenye mashavu ya miguu, mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega yapandishe mpaka masikioni uyaachie, mwisho uso. Wengi hawafiki usoni, wameshalala.

Na kuguna. Mmmmm, kama unambembeleza mtoto, pumzi yote mpaka iishe. Mama zetu wakitwanga mihogo waliguna na kuimba kwa mpigo wa mchi, mwili mzima unaenda, pumzi inatoka, wenzio wako pembeni. Sisemi walikuwa wanafanya terapia. Nasema mwili wako unakijua hicho kitu, usione ni kigeni.

Ukiwa mjamzito, una kifafa, moyo, au umefanyiwa operesheni karibuni, ile ya kutetemeka usiiguse bila kuuliza.

Nikifunga macho na kupumua ndo nazidi kuogopa. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Wanakuja wengi hivi na wengi walishaambiwa hawajitahidi. Kwa mtu aliyewahi kukabwa, kuzama, kufungiwa, kufunga macho ni kujiweka hatarini, na kufata pumzi ni kurudi palepale iliposhindikana. Mimi pumzi sikuiweza kwa karibu mwaka mzima, kila nikivuta ndani naona maji.

Acha pumzi. Fungua macho, tembea. Shika kitu cha baridi au kizito, jiwe la ziwani, ndoo ya maji. Sukuma ukuta kwa viganja mpaka mikono ichoke. Pumzi itakuja yenyewe siku yake.

Yoga si dini ya watu? Mi naswali.

Yenyewe imetoka India na ina mizizi ya kidini, siwezi kukuficha. Kinachofanyika kwenye troma ni kujinyoosha na kupumua, hamna kuomba wala kutamka chochote. Bado roho ikikataa usifanye, fanya ya Jacobson, tembea ufukweni Bangwe asubuhi. Hamna mtu anayelazimishwa hapa, na kisomo chako au maombi yako viendelee.

Mume wangu ni mvuvi, wenzie wawili walifia ziwani, tangu hapo ni pombe na ukali. Hataki kusikia neno kaunsela.

Pole sana mama. Usimpelekee neno kaunsela. Wanaume wetu ukisema akili wanasikia Mirembe, na kila mtu anajua Mirembe ya Dodoma inatajwa vipi mtaani. Mwongeleshe habari za mgongo. Za usingizi. Muulize mgongo unaumaje ukirudi, kaa nae mkitazama mbele sio uso kwa uso, wengi wanafunguka wakiwa wanashona nyavu kuliko wakiwa mezani. Nina wavuvi kama nane Kibirizi, walikuja kwa ajili ya maumivu ya mabega, tukafanya kukaza na kulegeza, wiki ya tatu mmoja akasema tu, huwa nasikia anaita jina langu. Kimya. Wakaendelea na zoezi. Wiki iliyofuata wakaongea wote.

Ila akikupiga, hilo sio somo la pumzi. Nenda dawati la jinsia polisi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, nenda kwa ndugu. Troma yake inaeleza hasira, haimpi ruhusa ya kukupiga.

Na watoto?

Watoto wanapona kwa mchezo na kwa mwili wa mtu mzima aliyetulia. Ukimshika mtoto huku wewe moyo unaenda mbio, anausikia. Tulia wewe kwanza. Kukojoa kitandani upya, kung'ang'ania, kucheza ajali ileile kila siku, usimchape kwa hayo. Kuruka kamba, rede, kupiga ngoma, kuogelea pale pasipo hatari, vyote vinasaidia. Kama kuna mtu anamdhuru, namba 116 ni bure kwa ajili ya watoto.

Nikianza hii niache dawa?

Usiache. Usipunguze pia bila daktari, dawa za akili ukizikata ghafla zinaweza kukuletea hali mbaya kuliko uliyotoka nayo. Hivi vinakwenda pamoja. Na kama unawaza kujiua, unasikia sauti, hujalala siku nyingi, hujala, anzia hospitali leo, kituo cha afya kilicho karibu watakupa rufaa, mjini hospitali ya mkoa ni Maweni. Nenda na mtu. Maumivu ya kifua nayo usiseme ni stresi kabla hujapimwa.

Nitamjuaje mtaalamu wa kweli?

Muulize amesomea nini, wapi, muda gani, na nani anamsimamia. Wa kweli hakasiriki. Anakuomba ruhusa kabla ya kukugusa hata begani, na ukikataa inaishia hapo. Hakutaki uvue nguo. Hakuambii kikao kimoja utapona, hakukatazi hospitali, hakuulizi yaliyokupata kwa udadisi. Akikwambia siri hii usimwambie mtu, toka.

Hapa kwetu wataalamu wa hizi njia zenye majina makubwa ni adimu, ukweli ndo huo, na inaniuma, mkoa umepokea watu waliokimbia vita miaka yote hii. Kwa hiyo anza na kaunsela au nesi wa kawaida aliye na utu, mwambie unataka kwenda polepole na unataka kuanza na mwili.

Inachukua muda gani?

Stresi za karibuni, wiki kadhaa za mazoezi ya kila siku utaona usingizi unabadilika. Troma, miezi, wengine miaka, na haiendi mstari mnyoofu, kuna wiki unarudi nyuma hasa mwezi lilipotokea tukio.

Mimi ilikuwa hivi. Miezi ya kwanza nilifika Kibirizi nikasimama mbali, nje ya mwalo, nikasikiliza injini, nikaondoka. Baadae nikawa nakaa juu ya mtumbwi uliopakiwa mchangani. Baadae uliofungwa majini, dakika mbili, visigino vimekanyaga ubao, rafiki yangu kanishika mkanda wa gauni kwa nyuma. Miaka tisa imepita. Mwaka jana nimeenda Mwamgongo kwenye msiba, kwa boti, asubuhi, maji yametulia, nimevaa jaketi la kuokolea ambalo nililinunua mwenyewe. Mkono wa kulia ulishika ukingo wa boti njia nzima, sikuulazimisha uachie. Tulipofika nilikula ugali na mgebuka, sahani nzima, na kurudi nilirudi na boti ileile.